Siku /lib ilipopotea: nilivyohamisha maktaba za Linux huko Bukavu

"Aucun fichier ou dossier de ce type", yaani hakuna faili wala folda ya namna hii. Niliandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, nikajibiwa hivyo. Nikaandika cp, ya kunakili, jibu lile lile. mount, ps, hata reboot, jibu halikubadilika. Programu zote zilikuwa bado ziko kwenye diski, sikuwa nimefuta hata moja, lakini hakuna iliyokubali kuwaka. Ilikuwa mashine yangu mwenyewe, nyumbani Nguba, mtaa wa Bukavu, usiku mmoja wa mwaka 2023. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu saa moja jioni na betri ilibaki asilimia 38.

Nausimulia usiku ule kwa sababu miezi michache baadaye nilitakiwa kufanya kazi hiyohiyo kwenye seva ya kituo cha afya kule Kadutu. Seva hiyo inatunza kumbukumbu za akina mama wajawazito tangu mwaka 2017: tarehe za kliniki, vipimo vya damu, watoto waliozaliwa na uzito wao. Nisingepitia yale ya Nguba, ningeifikia seva ile na mikono ya mtu ambaye hajaungua.

Kazi yenyewe ni hii. Kwa miaka mingi Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ilikuwa na makazi mawili ya programu na maktaba zake, yaani mafaili ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja. Kulikuwa na /bin, /sbin na /lib kwa vitu vya lazima vya kuwashia mashine, halafu kukawa na /usr/bin, /usr/sbin na /usr/lib kwa vilivyobaki. Mgawanyo huo ulianza mapema miaka ya 1970, Unix ilipokuwa bado changa kwenye mashine za PDP-11: diski ya kwanza ilijaa, vitu vikamwagikia diski ya pili iliyokuwa imefungwa kwenye /usr. Diski zikakua, sababu ikafa, mazoea yakabaki. Fedora, aina mojawapo ya Linux, iliyaunganisha makazi hayo mawili katika toleo la 17 mwaka 2012. Debian, aina ninayoitumia mimi, ilichukua muda zaidi: kuanzia Debian 10 ya mwaka 2019, mashine mpya zilikuwa zinawekwa zikiwa tayari zimeunganishwa, lakini zile za zamani ziliachwa jinsi zilivyo. Debian 12 ilipotoka Juni 2023, ikawa lazima kwa wote. Kila kitu kinahamia ndani ya /usr, na /bin, /sbin, /lib na /lib64 zinabaki kuwa viungo tu, mfano wa kibao cha barabarani kinachosema: waliokuwa wanakaa hapa wamehamia kule.

Mashine yangu na seva ya kituo zote mbili niliziwekea Debian 9 mwaka 2017, kisha nikazipandisha toleo kwa toleo mpaka Debian 11. Kwa hiyo zote mbili zilikuwa bado na makazi mawili.

Pale nyumbani niliona kazi ni nyepesi. Kunakili /lib ndani ya /usr/lib, kuondoa /lib ya zamani, kuweka kiungo mahali pake. Amri tatu. Nikaingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, nikaandika cp -a /lib/. /usr/lib/ na ikakamilika vizuri. Kisha mv /lib /lib.zamani, nayo ikakubali bila neno. Ya tatu ilikuwa ln -s usr/lib /lib, na hapo ndipo maneno yale ya Kifaransa yalipotokea kwa mara ya kwanza.

Ilinichukua muda kuelewa, na hapa nataka tuende polepole, kwa sababu wengi wanaojua Linux ya kutumia hawajui jambo hili. Karibu kila programu iliyomo kwenye mashine inabeba ndani ya tumbo lake anwani moja: /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Huyo ndiye kipakiaji. Ukiita ls, kerneli, kiini cha mfumo, haianzi na ls. Inasoma anwani ile, inamwita kipakiaji, na kipakiaji ndiye anayekwenda kutafuta maktaba ambazo ls inazihitaji, kama libc.so.6, anazipanga kwenye kumbukumbu, halafu ndipo ls inaanza kuishi. Kwenye mashine yangu, hiyo /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 ilikuwa kiungo tu, nacho kilielekeza kwenye /lib/x86_64-linux-gnu/ld-2.31.so. Mimi nilikuwa nimeiondoa /lib. Kiungo kikawa kinaelekeza hewani. Kerneli ikisema faili halipo, haisemi ls haipo, inasema kipakiaji hayupo. Ila Bash, programu inayopokea amri unazoandika, inaandika jina la kile ulichokiita, na wewe unabaki unadhani programu zako zimeyeyuka.

Ndiyo maana amri ya tatu haikuweza kufaulu. ln nayo ni programu, nayo inahitaji kipakiaji. Nilikuwa nimefunga mlango na kuacha ufunguo ndani.

Kitu kimoja kilikuwa bado hai: Bash yenyewe iliyokuwa wazi mbele yangu. Ilikuwa imeshapakiwa kwenye kumbukumbu kabla sijaharibu, kwa hiyo haikuhitaji tena kipakiaji. Amri zilizomo ndani ya Bash, kama cd na echo, zilifanya kazi. Sikuwa na ls, lakini niliandika echo /lib* na skrini ikanionyesha:

/lib.zamani /lib64

Nilifurahi kuiona lib.zamani kama mtu anayeona taa ya mtumbwi ziwani. Vitu vyote vilikuwemo mle. Tatizo lilikuwa anwani tu.

Wakati huo hofu yangu ilikuwa mbili. Ya kwanza, skrini isije ikajifunga yenyewe, maana kuifungua kungehitaji programu mpya kuwaka, na hakuna programu mpya ingewaka. Nikawa nasogeza kipanya kila baada ya muda mfupi huku nafikiri. Ya pili ilikuwa betri. Mashine ikizimika katika hali ile haiwaki tena, kwa sababu hata programu ya kwanza kabisa inayoanzishwa kutoka kwenye diski hiyo inamhitaji kipakiaji yuleyule. Nilikuwa nimeuazima ufunguo wangu wa USB wa dharura, flash ya kuwashia mashine iliyoharibika, kwa kijana wa sekretariati pale Essence, na usiku ule hapakuwa na kwenda kuutafuta.

Kipakiaji naye ni faili linaloweza kuitwa moja kwa moja. Yeye peke yake hahitaji kipakiaji mwingine. Ukimwita kwa anwani yake kamili na kumwonyesha maktaba ziko wapi, anaweza kukupakia programu yoyote. Nikaandika polepole, herufi kwa herufi:

/lib.zamani/x86_64-linux-gnu/ld-2.31.so --library-path /lib.zamani/x86_64-linux-gnu /bin/ln -s usr/lib /lib

Nikabonyeza. Skrini haikusema kitu. Nikaandika ls, na ls ikajibu.

Mke wangu aliyekuwa amelala chumba cha pili aliniuliza kulikoni, alisikia nimepiga makofi. Nikamwambia mashine imerudi. Akaniambia, "Basi izime ulale, Papa watoto, betri ya taa inakwisha." Alikuwa na haki.

Mashine ile sikuiamini tena. Nilihamisha kazi zangu kwenye diski ya nje, nikaiweka Debian upya wiki iliyofuata. Hata hivyo kuanzia usiku ule nilijua jambo ambalo nilikuwa nalisoma tu bila kulielewa: katika kuhama huku, ule upenyo kati ya kuondoa cha zamani na kuweka kipya ndio hatari yenyewe. Yaliyobaki yote ni maandalizi.

Tuje sasa Kadutu.

Kituo kile kinaongozwa na muuguzi mkuu ambaye wote tunamwita Mama Titulaire. Nilimweleza kwamba seva inahitaji kupandishwa, kwamba toleo lililopo litafika mahali halitapata tena marekebisho ya usalama, na kwamba kuna hatua moja katikati inayogusa kila programu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, ukikosea, nitapata wapi jina la mama aliyejifungua jana?"

Swali lile ndilo lililopanga kazi yangu yote. Sikuanza na Linux, nilianza na jibu lake. Nilichota hifadhidata yote ya kituo kwa pg_dump, nikaiweka kwenye diski mbili za nje. Moja ilibaki kabatini mwake, ya pili niliondoka nayo. Kisha nikafanya jambo ambalo watu wengi wanaliruka: niliirudisha nakala ile kwenye mashine nyingine nikafungua jina la mama wa jana mbele ya macho yake. Nakala ya akiba ambayo hujawahi kuirudisha hujui kama ni nakala. Pia tulikubaliana kwamba siku ya kazi wakunga wataandika kwenye kitabu kikubwa cha karatasi, kama zamani, na kuingiza kwenye mashine baadaye.

Baada ya hapo nikaiga diski nzima ya seva kwenye diski nyingine na kuifunga ndani ya kompyuta kuukuu niliyokuwa nayo nyumbani. Mashine hiyo ya mazoezi ilikuwa seva ya kituo kwa kila kitu, pamoja na uchafu wake wote. Nasisitiza uchafu, kwa sababu kufanya mazoezi kwenye Debian safi iliyowekwa jana kusingenifundisha chochote. Seva iliyoishi miaka sita ina vitu ambavyo watu waliviingiza kwa mkono wakasahau, na vitu hivyo ndivyo vinavyosimamisha uhamisho.

Debian ina paketi, yaani furushi la programu, ya kazi hii, inaitwa usrmerge. Ndani yake kuna programu iliyoandikwa kwa Perl, convert-usrmerge, inayofanya yale niliyotaka kufanya kwa amri tatu, ila yenyewe inajua kuhusu kipakiaji na inalinda ule upenyo. Ina tabia moja ninayoiheshimu sana: ikikuta faili lenye jina moja liko /lib na pia liko /usr/lib, na yenyewe haiwezi kujua lipi ni la kweli, inakataa kuendelea. Inakutajia majina, inakutaka urekebishe na uiite tena, na inakuonya usiweke wala kupandisha paketi nyingine mpaka imalize. Na maelezo yake yanasema wazi kwamba hakuna njia ya kujirudishia hali ya zamani kama ilivyokuwa. Ukivuka, umevuka.

Sikutaka kungoja iniambie. Nilitaka nijue mapema. Kwenye mashine ya mazoezi nilipita kila faili la /lib nikiuliza kama lina pacha wake ndani ya /usr/lib, na kwa kila pacha nikauliza dpkg, msimamizi wa paketi za Debian, kwa amri ya dpkg -S: wewe ni wa paketi gani? Mapacha yalikuwa mawili.

La kwanza lilikuwa faili la udev, kitambuzi cha vifaa vinavyochomekwa: sheria ya printa ya kuchapia kadi za wagonjwa. Fundi aliyeiweka printa ile zamani alitumia hati ya usakinishaji iliyokuja na printa, nayo ikatupa nakala huku na huku. Maandishi yake hayakufanana: lile la /lib/udev/rules.d lilikuwa na namba ya printa ya zamani iliyokwishaharibika, lile la /usr/lib/udev/rules.d lina ya sasa. Nikalinganisha mstari kwa mstari, nikaliondoa la zamani, nikachapa kadi moja kuhakikisha.

La pili ndilo lililonitia jasho. Ndani ya /usr/lib/x86_64-linux-gnu kulikuwa na libz.so.1, faili kamili la zlib, maktaba ya kubana na kufungua data, na dpkg ilisema haimjui mwenyewe. Ile halali, inayoletwa na paketi ya zlib1g, ilikuwa ndani ya /lib/x86_64-linux-gnu, kiungo kinachoelekea libz.so.1.2.11. Hati ileile ya printa ilikuwa imedondosha zlib yake kuukuu mle. Kwa miaka yote ilikuwa imelala bila kudhuru mtu, kwa sababu Debian inatafuta maktaba kwenye /lib kabla ya /usr/lib, kwa hiyo halali ndiyo iliyokuwa inapatikana kwanza. Lakini folda mbili zikiwa moja, hakuna tena wa kwanza na wa pili. Jina ni moja, nafasi ni moja. Lau kuukuu ndiyo ingeshinda, kila programu inayofungua vitu vilivyobanwa ingetegemea maktaba ya kale isiyo na marekebisho ya usalama, na dpkg yenyewe ni mojawapo ya programu zinazoitegemea zlib. Sikuifuta moja kwa moja. Niliihamishia /root/karantini, nikaita ldconfig inayopanga upya orodha ya maktaba, nikawasha tena mashine ya mazoezi, nikachapa kadi, nikafungua programu ya kituo. Hakuna aliyeiulizia. Nikajua haina mwenyewe.

Ni watu wangapi wana libz ya namna hiyo imelala kwenye seva zao? Tunapenda kuweka madereva ya printa na skana kwa hati zinazokuja kwenye CD, tunaandika neno la root, tunabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hati zile zinamwaga vitu popote. Tangu siku ile sikubali tena hati ya namna hiyo kabla sijaifungua na kusoma inakoandika.

Tatizo la tatu halikuwa mapacha, lilikuwa nafasi. Mwaka 2017 niliigawa diski ya seva nikaitenga /usr kwenye sehemu yake, giga 8, nikaona ni nyingi. Sasa df, amri ya kupima nafasi ya diski, ilinionyesha imebaki giga 1 na kidogo. Na ndani ya /lib kulikuwa na /lib/modules yenye kerneli nne za zamani, kila moja karibu megabaiti 300, pamoja na /lib/firmware. Vyote hivyo vingehamia /usr. Kama /lib na /usr ziko kwenye sehemu moja ya diski, kuhama ni kubadili jina tu na nafasi haihitajiki. Zikiwa sehemu mbili, lazima kunakili kweli kweli. Hesabu ilikuwa haiingii. Niliondoa kerneli tatu kuukuu nikabakiza inayotumika, na nikapunguza vitu vingine ndani ya /usr ambavyo havikuhitajika, hasa programu za ofisi ambazo mtu aliziweka kwenye seva ambayo haina hata skrini ya kudumu. Zikapatikana karibu giga 3 za kupumulia.

Halafu nikafanya zoezi lenyewe. Mara tatu, kila mara nikirudisha diski ya mazoezi kwenye hali ya mwanzo. Mara ya kwanza ilipita salama. Mara ya pili nilichomoa waya wa umeme kwa makusudi ikiwa katikati. Mtu wa Bukavu hawezi kupanga kazi ya saa moja akajifanya umeme hautakatika. Nilibahatika kuchomoa ikiwa bado inanakili: mashine iliwaka, nikaiita convert-usrmerge tena, ikaendelea mpaka mwisho. Nilijua vilevile kwamba bahati ile si ahadi, kwa hiyo kwa siku yenyewe nikaazima betri mbili za gari na konvertisa kutoka kwa shemeji yangu anayeuza vifaa vya sola, ili seva isitegemee waya wa mtaa hata kidogo. Mara ya tatu nilifanya kila kitu kwa kufuata karatasi niliyoiandika kwa mkono, bila kuongeza wala kupunguza, nikipima muda.

Nilikata shauri moja ambalo wenzangu wawili hawakukubaliana nalo. Ukipandisha Debian 11 kwenda 12, paketi ya usrmerge inaletwa yenyewe na uhamisho unafanyika katikati ya mamia ya paketi nyingine. Wao walisema niache ijifanyie, ndivyo ilivyokusudiwa. Mimi niliona ni mabadiliko mawili makubwa kwa wakati mmoja. Kitu kikivunjika, nitauliza nani? usrmerge inapatikana pia ndani ya Debian 11. Niliamua kuhamisha maktaba kwanza, peke yake, seva ikae wiki nzima ikifanya kazi, kisha ndipo nipande. Kuna gharama: safari mbili za Kadutu, Jumamosi mbili. Bado naamini ilikuwa sawa.

Kuhusu mega za intaneti, nilitumia apt full-upgrade --download-only usiku kwenye mashine ya mazoezi, nikabeba paketi zote kwenye flash. Kupandisha seva huku unategemea intaneti ya simu mvua ikinyesha ni kujitafutia matatizo.

Jumamosi ya kwanza nilifika kituoni saa tisa alasiri, kliniki imekwisha. Niliunganisha skrini na kibodi kwenye seva yenyewe, sikutaka kutegemea SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali. Wengi hawajui kwamba SSH huwasha upya programu yake kwa kila mgeni anayebisha. Kipakiaji akipotea, waliomo ndani wanabaki, lakini hakuna mpya anayeingia. Nikafungua Bash tatu za root kwenye terminali tatu tofauti, nikaziacha wazi. Nikaweka paketi ya busybox-static na kunakili programu yake ndani ya /root. Busybox ile imebeba maktaba zake tumboni, haimhitaji kipakiaji, na ndani yake mna ls, cp, mv, ln na nyinginezo nyingi. Niliijaribu: /root/busybox ls. Ikajibu. Ningekuwa nayo Nguba, nisingetoka jasho lile.

Ufunguo wa USB wa dharura nao niliujaribu hapohapo kwenye seva ileile, na ni vizuri nilifanya hivyo, maana wa kwanza ulikataa kuwaka kwenye mashine ile ingawa kwangu nyumbani ulikuwa unawaka. Nikautengeneza mwingine kwa namna ambayo BIOS yake ya zamani inaielewa. Hilo lilinila dakika arobaini, kabla ya kuanza. Dakika arobaini za baada ya kuharibika zingekuwa na uzito mwingine.

Nilisimamisha PostgreSQL, programu inayotunza hifadhidata, na programu ya kituo. Nikachukua pg_dump ya mwisho kabla ya kusimamisha, bila shaka. Kisha apt install usrmerge.

Nilikaa nikiangalia skrini. Haikuandika mengi. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa kwa kishindo, mama mmoja aliletwa kwa pikipiki, uchungu umeshamshika, na mkunga akapita mbio kando yangu akiuliza kadi yake. Nikanyanyuka kumwambia mashine imefungwa. Hakungoja hata nimalize. Mama Titulaire alikuwa ameshachapa, asubuhi ileile, orodha ya akina mama wote wanaotarajia kujifungua mwezi ule, na kuibandika ukutani kwa sparadrapi. Sikumwambia afanye hivyo. Alikuwa ameelewa hatari kuliko nilivyomweleza.

Niliporudi kwenye skrini, kazi ilikuwa imekwisha. Nikaandika ls -ld /bin /sbin /lib /lib64 na zote nne zikaonyesha mshale: usr/bin, usr/sbin, usr/lib, usr/lib64. Nikapita orodha yangu ya karatasi: dpkg --audit, kimya, ldconfig, ldd kwenye programu ya kituo, hakuna maktaba iliyokosekana, update-initramfs -u ili picha ya kuwashia ijue hali mpya. Ya mwisho ilikuwa kuwasha upya, na hiyo niliiahirisha kwa kikombe kimoja cha chai. Kwa kweli niliogopa. Terminali tatu zilizo wazi ndizo zilizokuwa kamba yangu, na kuwasha upya ni kuziachia zote.

Iliwaka. systemctl --failed, orodha ya huduma zilizoshindwa kuwaka, haikuwa na kitu. Nikawasha hifadhidata, nikafungua jina la mama wa jana, kisha nikachapa kadi. Kutoka chumba cha pili kilisikika kilio cha mtoto, kikali, cha kwanza. Mkunga alitoka baada ya muda akaandika kwenye kitabu cha karatasi: msichana, kilo 3.1.

Jumamosi iliyofuata nilipandisha seva kwenda Debian 12. Sina mengi ya kusimulia kuhusu siku hiyo, ilichukua saa mbili na nusu na tulikwenda nyumbani mapema. Jambo moja tu nililijifunza baadaye: hata baada ya kuunganishwa, dpkg ilikuwa bado inayaandika mafaili mengi kwa anwani ya zamani, /lib/hiki na /lib/kile, wakati diskini yako /usr/lib. Watu wa Debian walilijua hilo, wakazuia kwa muda paketi zisihamishe mafaili ovyo kati ya anwani hizo mbili, kwa sababu faili lingeweza kufutwa kimyakimya likihamia paketi nyingine wakati huohuo. Kwa hiyo ukiuliza dpkg -S kuhusu faili na ikakujibu halijulikani, jaribu anwani ile nyingine kabla hujaliita yatima. Mimi nilikaribia kufuta moja.

Ile libz kuukuu bado iko /root/karantini, na tarehe niliyoihamisha iko kwenye faili dogo kando yake. Ufunguo wa USB uliokubali kuwaka nimeuacha kituoni. Mama Titulaire aliuzungushia sparadrapi, akaandika kwa kalamu ya bluu "SEVA, USIAZIME", akautundika kwenye msumari uleule unaobeba ufunguo wa kabati la dawa.